Nyumba ya Bandi

Ukitaka kujua kasoro za nyumba ya mtu, usimuulize akiwa amekaa sebuleni kwake na kikombe cha chai mkononi. Atakusifia mpaka bawaba za mlango. Muulize akiwa amesimama kwa wifi yangu, mikono ameinyoosha, anapimwa kifua. Mtu aliyezungushiwa utepe hana pa kukimbilia, na hapo ndipo ukweli unamtoka.

Wifi yangu ni mshonaji, na mtaa mzima unamwita Futikamba kwa sababu utepe wake wa kupimia hukaa shingoni hata msibani. Kaka yangu, dereva wa gari la mikate, alipomwambia kuwa kiwanja kimepatikana na sasa wanajenga, wake wengine wangeanza na rangi za ukuta. Yeye alianza na wateja. Kila aliyekuja kupimwa alitupiwa swali moja: "Ungejenga upya leo, ungebadilisha nini?"

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Nimewaona wanaojenga kwa haraka, wanaojenga kwa wivu, na wanaouliza bei ya marumaru kabla hawajajua maji machafu yatatokea wapi. Nilijiona najua yote. Lakini majibu aliyokuwa akinisimulia yalinifanya nipitie kwake kila nikifunga duka, eti nakwenda kuwasalimia watoto.

Mama mmoja alisema swichi ya taa iko nyuma ya mlango wa chumba, kwa hiyo anaingia gizani, anafunga mlango, ndipo anaanza kuupapasa ukuta. Mwalimu mmoja alisema sakafu ya bafu lake imeinamia upande usio na tundu la maji, na akioga lazima aingie na fagio. Bwana mmoja mwenye tumbo la heshima alikiri kuwa sebule yake imemeza nusu ya nyumba, imejaa makochi ya wageni, na wageni wenyewe hawaji. Watoto wake wanafanya kazi za shule sakafuni, maana makochi ni marufuku.

"Umeona, wifi?" Futikamba akaniambia. "Watu wanawajengea wageni, wenyewe wanabanana jikoni."

"Na wewe unamjengea nani?"

"Mama," akasema, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa analishona.

Alimaanisha mama yetu mimi na kaka. Mama alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya zamani tuliyokulia, yenye ngazi za mawe mlangoni na choo uani. Magoti yalishaanza kumgomea. Tulimbembeleza ahame, kila mtu kwa wakati wake, na kila mtu alirudi na jibu lile lile: "Sihami. Nyumba ya mtoto si yako hata akikupa ufunguo." Kaka alipomwambia atamjengea chumba chake, chini, bila ngazi hata moja, Mama alikunja midomo. "Nikikiona nitaamua," akasema. Basi tukaanza kujenga nyumba nzima huku tukilisubiri neno la mtu mmoja.

Wifi yangu hashoni nguo ya mtu moja kwa moja. Kwanza hupiga bandi, ule mshono wa muda wa hatua ndefu ndefu, mteja aivae nguo, ageuke, akae, ainame. Ikimbana, anavuta uzi na kuirekebisha. Cherehani huja mwisho. Hakuona kwa nini nyumba isipigwe bandi kwanza. Ramani ilipokuwa tayari, alikwenda kiwanjani na vigingi na mzigo wa kamba, akaifunga nyumba yote kwa urefu wa goti, chumba kwa chumba, milango akaiacha wazi. Akawa mkali kweli kweli kwa anayeruka kamba.

"Wewe! Unapita ukutani!"

Jumapili zikawa za kwenda kukaa kwenye kamba. Tulitandika mkeka kwenye kitanda, tukaweka beseni kwenye sinki, tukabeba meza mpaka mahali pa meza. Mlango wa chumba cha watoto ukagundulika kuwa unagonga kitanda, ukahamishwa. Jiko likagundulika linapigwa na jua la mchana wote, likageuzwa. Mimi niliyejiona mjuzi nilikuwa wa kwanza kufika kila wiki, kwa hamu ya kuona tutagundua nini tena.

Fundi mwashi tunamwita Timazi, kwa kile chuma anachokining'iniza kwa uzi kuangalia kama ukuta umesimama wima, ambacho hakimtoki mfukoni. Mwanzoni alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, tangu nianze kazi hii sijaona watu wanahamia nyumba haina hata msingi!" Lakini Jumapili iliyofuata alikuja na kigoda chake akakiweka sebuleni. Na siku mvua ilipotukuta pale, sisi tukishika mikeka tukimbie, ni yeye aliyetuzuia.

"Mnakwenda wapi? Leo ndiyo siku ya kutazama. Angalieni maji yanapita wapi."

Yalipita katikati ya chumba cha watoto, bila hodi. Kamba zote zikasogezwa kuelekea upande wa juu wa kiwanja. Tangu siku ile, mteja akija dukani kwangu kuniambia amenunua kiwanja, namuuliza kama amekiona wakati wa mvua. Wengi hununa.

Kisha akaja Mama. Kaka alimshusha kwenye gari la mikate, tukamwekea kiti katika chumba chake cha kamba, kile cha pembeni kinachopakana na chumba cha kushonea. Wifi alikaa upande wa pili na shati la mteja, kaka akajilaza sebuleni, mimi nikawa jikoni na viazi. Mama alitazama kamba za pande zote. Kisha akaanza.

"Wewe binti, unamenya viazi au unavichonga vinyago?"

Akamwambia kaka avue viatu, ndani hamuingiwi na viatu. Akamuuliza wifi kola ile ya nani, mbona shingo nene hivyo. Alikohoa mara moja, sote watatu tukageuka. Jua lilipoanza kushuka akasimama, akashika kamba ya ukuta wake kama anaijaribu uimara.

"Chumba kizuri," akasema. "Nitakuja."

Kaka aligeukia kigingi kimoja akajifanya anakikaza. Nilimwona akijifuta macho, na mimi yangu yalikuwa yameshalowa.

Ujenzi wenyewe sitausimulia wote, ila kwa anayetaka kujenga nitasema machache, bure, maana dukani hamnisikilizi. Ukuta mpya umwagilie maji kama bustani, usimwonee fundi aibu kumkumbusha. Siku ya kulaza mabomba usiende harusini. Kaa pale, piga picha, kwa sababu plasta ikishapita hakuna atakayekumbuka bomba liko wapi. Marumaru nunua za ziada, maana ikipasuka moja rangi ile hutaipata tena. Na ukishakubaliana na fundi, acha kubadilisha mawazo kila ukitoka kwa jirani. Kaka alitaka kupanua sebule baada ya kutembelea rafiki yake mmoja. Wifi alimtazama tu, na kaka akakumbuka mwenyewe yale makochi ya wageni.

Nyumba ikasimama. Plasta ikakauka, milango ikatiwa. Siku ya kumleta Mama kuiona alivaa nguo zake za kutokea. Aliingia bila kupanda hata ngazi moja, akapapasa ukuta wa chumba chake, akakaa kwenye kiti kile kile.

"Haya, kila mtu aende mahali pake kama siku ile," akasema.

Tukatawanyika tukicheka. Mimi nilikuwa nimebeba viazi makusudi. Nikawa namenya jikoni, nachonga vibaya kabisa, nasubiri kutukanwa. Kimya. Nikadhani amesinzia. Nikamenya kingine. Mara nikasikia mlango wa mbele, nikatoka, nikamkuta Mama amesimama nje na mkoba wake kwapani.

"Nirudisheni kwangu."

Kaka alitoka mbio sebuleni. "Mama, kuna nini? Si ndicho chumba kile kile?"

"Sicho. Mlinionyesha nyumba nyingine."

"Vipimo ni vile vile, Mama," wifi akasema, utepe tayari uko mkononi. "Nimepima mwenyewe."

"Sijasema vipimo. Nimewaita. Nimemwita huyu, nikamwita huyu, nikakuita na wewe. Nani amenisikia?"

Tulitazamana. Hakuna aliyesikia.

"Mwaka jana nilianguka kule uani," Mama akasema. "Asubuhi, mko makazini. Nililala pale chini naita mpaka sauti ikakauka. Redio ya jirani inaimba tu. Nikajikokota mwenyewe mpaka mlangoni."

"Mama!" nikasema. "Na hukutuambia?"

"Niwaambie mnibebe kama gunia? Nilinyamaza. Lakini siku ile kwenye kamba zenu nilikohoa tu, mkageuka wote. Nikasema, haya, hapa nitakuja. Sasa mmenijengea uani kwingine, ila hapa pana marumaru."

Nilikasirika. Nilimkasirikia jirani na redio yake, nikamkasirikia Mama kwa kutuficha, na hasira ilipoisha nikalia palepale mlangoni na kisu cha viazi mkononi. Wifi alikaa juu ya mfuko wa sementi uliobaki, akawa anauviringisha utepe kidoleni na kuufungua.

"Kamba haizuii sauti," akasema mwishowe. "Nimewauliza watu wote wale, na hili halikunijia."

Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. La kufanya pale ukuta wenyewe unapokuwa ndio tatizo hawakutuachia. Mama alirudishwa kwake jioni ile, na kesho yake wifi akamwita Timazi, akamsimamisha mbele ya ukuta unaotenga chumba cha Mama na chumba cha kushonea.

"Nataka kufumua hapa."

"Dada, ukuta haufumuliwi. Ukuta unabomolewa."

"Basi nibomolee kidogo. Dirisha."

"Dirisha ndani ya nyumba? Watu watasema fundi alikuwa amelewa!"

Kaka naye akamuunga mkono fundi: wateja wataingia, watamwona Mama kitandani, heshima iko wapi? Wifi hakubishana. Alimweleza Timazi habari ya kule uani, na redio, na mlango. Yule fundi akausogelea ukuta. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatazama juu kwenye paa.

"Huu umebeba paa," akasema. "Sikati kama unavyokata tundu la kifungo. Naegemeza nguzo kwanza, naweka linta juu, boriti ya zege, ikauke, ndipo nifungue. Na usinihimize."

Hakumhimiza. Mama alipoletewa habari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Komeo litakuwa upande gani?"

"Upande wowote unaotaka, Mama."

"Upande wangu. Nikitaka kuwasikia nafungua. Nikiwachoka nafunga."

Dirisha likawekwa, la mbao, la milango miwili, chini kiasi kwamba aliyelala anaweza kulifikia kwa mkono. Mama akahama. Alikuja na kiti chake, na jirani mwenye redio ndiye aliyembebea kitanda. Wageni wakiona dirisha lile hucheka, huuliza ni ramani ya nani. Nyumba njema si mlango, nawajibu, ingieni ndani mtaelewa. Wateja wa wifi nao wamezoea. Mtu anasimama kupimwa, mikono juu, mara sauti inatoka ukutani: "Na wewe mwanangu, bafu lako limeinamia wapi?" Kazi ya kuuliza sasa imechukuliwa na Mama, na majibu anayapata mengi kuliko wifi alivyokuwa akiyapata.

Jana nilikuwa pale nasubiri sketi yangu ipunguzwe. Cherehani ilikuwa inakimbia, kelele tupu, sikusikia hata watoto wakiingia. Dirisha lilikuwa wazi. Mama akaita, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwanangu."

Cherehani ikanyamaza hapo hapo.

"Abee, Mama?"

"Hakuna kitu. Endelea."

Wifi akarudisha mguu kwenye kanyagio, akaendelea na pindo lake. Niliinama nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amelala ubavu, macho amefumba, uso umetulia.

"Anaita hivyo mara nyingi?" nikamuuliza wifi kwa kunong'ona.

"Kila siku."

"Na kila siku unasimamisha kazi? Si unajua hataki kitu?"

Akakata uzi kwa meno, akaikunjua sketi yangu kuiangalia kwenye mwanga.

"Anapima tu," akasema.