Kabati la Gemu Kutoka Stoo ya Salfa

Binti yangu ni fundi wa redio na televisheni, na kazi hiyo inakufa. Nasema bila kumpamba. Zamani watu walimletea TV za chogo kwa mkokoteni, zimefunikwa shuka kama wagonjwa. Siku hizi TV ni bapa kama sinia, ikiharibika inatupwa. Akabaki na chumba cha mbele cha nyumba yangu, kimejaa vyuma, wateja hawaji.

Kaka yake akaja na maneno. Alishapata mtu wa kukipanga kile chumba, afungue duka la kutuma na kutoa pesa.

"Shikamoo, mama. Hili ghala la vyuma utalifuga mpaka lini?"

"Marahaba. Halijakuomba chakula."

Nilimjibu hivyo, lakini nyumba ni yangu na bati lilikuwa linavuja. Nikaanza kulifikiria neno lake.

Msimu huo tulikwenda Makutupora, mimi na binti yangu, kibarua cha kupogoa mizabibu. Jioni tukarudisha mikasi stoo. Stoo yenyewe zamani ilikuwa ukumbi wa starehe, sasa inalala mifuko ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mizabibu isishikwe na ukungu. Pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na kabati refu kunizidi, lina kioo kifuani na kijiti mbele yake. Binti yangu aliinua turubai, akafuta vumbi la kioo kwa kiganja.

"Mama, hii ni mashine ya gemu. Ya kabla sijazaliwa."

"Ichukueni," akasema mtunza stoo. "Mchwa wameshaanza kuila, mimi nataka nafasi."

Tulirudi nyumbani juu ya guta la mizigo la magurudumu matatu, tumeishikilia kama tunapeleka maiti kuzika. Njiani nikamwambia, kwa sababu sipendi mambo ya kuning'inia: "Mizabibu tuliyopogoa leo ikifika kuvunwa, nataka jibu. Mashine ikiwaka, chumba ni chako na kaka yako sitamsikia tena. Isipowaka, unatoa vyuma vyako mwenyewe, na usinililie."

"Sawa, mama."

Hakubembeleza. Hilo nililipenda, ila sikumwambia.

Alianza na mchwa. Akang'oa mbao zote za chini, zikapukutika mkononi kama ugali mkavu. Nilikuwa na kitanda kibovu cha mninga, nikampa ubao wake wa kichwani. Akaukata, akaupaka oili chafu ya gari pande zote kama tunavyopaka nguzo za ua, akauanika. Nyumba ikanuka gereji, nikavumilia.

Kisha akafungua mgongo wa mashine. Nikanyoosha kidole kuonyesha waya mnene uliokuwa unaingia kwenye chogo cha kile kioo.

"Mama! Toa mkono! Hapo panauma hata umeme ukiwa umezimwa."

Akachukua bisibisi iliyofungwa waya, akaigusisha pale taratibu kuumaliza umeme uliobaki, mkono wake mwingine ameuficha nyuma ya mgongo. Nikauliza mkono wa nyuma ni wa nini. "Ili umeme usipite moyoni," akasema, kama mtu anayekwambia chumvi iko wapi. Mimi nimezaa watoto, nimechimba visima, lakini siku ile nilimtazama mtoto wangu kwa heshima.

Mashine haikuwaka. Alibadilisha hiki, akachoma risasi ya kuungia waya pale, wapi. Mizabibu ikachipua, ikatoa maua, na kaka yake akawa anapita kupima mlango kwa macho.

Asubuhi moja binti yangu akanishika mkono ghafla. Nina bangili ya shaba niliyoachiwa na mama yangu. Nikisahau kuivua siku ya kupuliza salfa, inageuka nyeusi. Akaiweka karibu na bodi, ule ubao wa saketi wa ndani ya mashine, kwenye meno yake ya shaba ya kuchomekea. Weusi ule ule.

"Salfa," akasema. "Imekaa nayo chumba kimoja miaka yote hiyo. Hakuna kilichoungua, mama, imechafuka tu."

"Basi tuisugue kwa ukwaju na majivu, kama bangili."

"Ukwaju utabaki humo ndani uendelee kuila. Leta kifutio cha shule."

Nikapewa kifutio na bodi. Mimi, niliyeacha darasa la nne, nikakaa mlangoni siku baada ya siku kufuta makosa ambayo sikuyaandika. Jino moja moja, taratibu, naye anapita nyuma yangu na pamba ya spiriti. Nikiruka jino ananirudisha. Alikuwa mkali kuliko mimi. Sijui kaupata wapi ukali huo.

Kile kioo cha mashine kilikuwa kimekufa kabisa, akaweka kingine cha TV ya chogo. Zabibu zilishaanza kuvunwa alipochomeka waya ukutani. Kaka yake alikuwepo, amesimama na mikono kiunoni.

Ikawaka. Kigari kidogo, mawe yanakipita, na sauti kama kanga waliotishwa. Lakini kila kitu kililala ubavu, na yale mawe yalikuwa yanatoka ukutani.

Kaka yake akacheka mpaka akashika mlango. "Mama, tuinamishe shingo sote? Hiyo si kuwaka, hiyo ni kuugua!"

Nikamtazama binti yangu. Akazima, akagusisha bisibisi yake, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Akafungua skurubu za kioo, akakizungusha kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala vibaya, akakaza tena. Alipowasha, kigari kilikuwa chini na mawe yanashuka kutoka juu, yamenyooka.

Hakuna aliyecheka. Kaka yake akasogea, akashika kijiti, akagonga jiwe la kwanza.

"Ngoja, ngoja, narudia."

"Ulikuja kuuliza habari za chumba," nikamwambia. "Umejibiwa. Nenda katafute fundi wa bati."

Nikafungua fundo la khanga, nikatoa ufunguo wa chumba, nikamnyooshea binti yangu. Alikuwa ameshaingiza kichwa nyuma ya mashine, anasikiliza kitu.

"Weka hapo, mama, mikono ina oili."

Nikautundika kwenye kijiti.