Picha Iliyokataa Kukauka

Rangi za mafuta nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima, mwaka niliorudi nyumbani kumuuguza mama. Macho yake yalikuwa yamezimika, na moyo nao umeanza kuchoka. Kila Jumamosi shangazi alikuja kukaa naye, mimi nikaenda Nyakahura kwa mwalimu mstaafu aliyewahi kuchora picha za makanisani.

Mwalimu hakutaka mtu abuni chochote. "Nakili kwanza," alisema, akanipa picha iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani: chumba cha Wazungu, mwanamke ameketi kando ya dirisha anashona kifungo, mezani jagi la buluu. Nilinuna. Nilitaka kuchora ng'ombe wa kwetu, si mtu na kifungo chake.

Jioni mama alitaka nimsimulie.

"Yuko na nani?"

"Peke yake, mama."

"Mchana wote huo, hata jirani hajapita?" Akatikisa kichwa. "Basi ana msiba huyo. Ikikauka nipe niiguse, na mimi nimwone."

Nikamwahidi.

Mafuta ya kulainishia rangi yalitakiwa yawe ya mbegu za kitani, yanayokauka yenyewe, nami sikuyapata. Nyumbani tulikuwa na dumu la alizeti ya shamba letu, imekamuliwa juzijuzi. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Rangi ikalainika, ikang'aa, yule mwanamke nikampaka nene hadi akatokeza, nikajiona fundi. Mwezi ukapita, picha bado mbichi. Nzi walinasa kwenye dirisha la picha. Nilipompelekea mwalimu, aliinusa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii hukuichora, umeikaanga. Kwangua, uanze upya."

Sikukwangua. Kiburi tu.

Kila asubuhi, nikishamwamkia, mama aliuliza kama imekauka. Siku moja nikamkuta anapapasa ukuta wa sebule nilikoitundika, anaitafuta, nikamfokea kama mtu anavyofokea mtoto.

"Mama, usiguse, utaiharibu!"

Akarudisha mkono mapajani. "Haya. Subira yavuta heri."

Hakuuliza tena, na mimi nikaona afadhali nimepumzika na maswali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki ileile, asubuhi, nilikwenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake, mikono ameificha ndani ya kitenge, amekwishakata roho. Wanawake walipomaliza kumwosha, shangazi aliniita pembeni, akauliza kwa nini mkono wa marehemu ulikuwa na rangi. Walisugua kwa sabuni, kwenye kucha haikutoka. Tulimzika nayo.

Viti vyote vilikuwa vimetolewa sebuleni, watu wamekaa kwenye mikeka, na picha ilikuwa imepelekwa chumbani. Nikaenda kuitazama. Mfuo wa kidole ulianzia pembeni, ukapita juu ya meza, ukakokota buluu ya jagi hadi kwa yule mwanamke. Hapo hakikuwa kidole tena. Kilikuwa kiganja kizima, kimewekwa begani mwake taratibu, kama tunavyomwekea mfiwa tunapompa pole.

Nililia kwa aibu kabla ya kulia kwa msiba. Mama yangu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alisubiri nitoke ndipo amguse mtu aliyemhurumia. Ningemwambia tu siku ile: gusa, mama, nitachora nyingine.