Wali wa Shamba Lile

Nyumbani kwa mume wangu, siku ya mwaka mpya hakuna anayetia tonge mdomoni kabla hajasema neno. Ndiyo desturi yao. Mmoja mmoja, kuanzia mkubwa: mwaka uliokwisha umekupa nini, na huu unaoanza utafanya nini. Mwaka jana nilisema nataka mwanangu aanze chekechea. Alikuwa mapajani kwangu, akaitikia "Amina!" kwa nguvu mpaka watu wakacheka.

Safari hii hayupo. Wali upo.

Wali wenyewe ni wa shamba letu la ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Malinyi. Msimu ukifika tunafunga nyumba hapa Ifakara, tunahamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, sisi na mama mkwe na watoto na kuku na masufuria, mpaka tuvune. Mpunga ukiwa kwenye maziwa, punje bado laini, ndege hawana huruma. Usipowaamia, usiposhinda ukiwafukuza, siku moja tu, kesho unakuta makapi.

Msimu uliopita, siku hizo ndipo mwanangu alipopata homa. Nilimwambia mume wangu asubuhi, tumpeleke hospitali. Akalitazama kundi la kwelea, ndege wale wala mpunga, akamtazama mama yake. Mama mkwe akamgusa mtoto shingoni.

"Joto la jua hili. Mkandeni maji. Kesho shangazi zake wanakuja kuamia, mtaondoka kwa nafasi."

Maji ya mto yalikuwa yamejaa, hakupitiki ila kwa mtumbwi, na mtumbwi anaujua yeye mume wangu, mimi siwezi hata kuushika. Nikamwomba tena.

"Kesho alfajiri, mama watoto."

Siku nzima akazunguka shamba anapiga debe na kupayuka. Mwanzo mtoto alikuwa anacheka, baba yake anagombana na ndege. Jioni hakucheka. Alfajiri tukavuka, na katikati ya maji nikasikia uzito wake mikononi umebadilika. Niliendelea kumpepea na kanga mpaka ng'ambo, maana hakuna aliyeniambia niache.

Ndege hawakupata kitu. Mavuno yalikuwa mazuri, kila mtu alisema.

Basi tumekaa mkekani, sinia katikati. Mdogo wa mume wangu akavuta harufu. "Shemeji, wali gani huu? Bodaboda wanapunguza mwendo hapo nje!" Wakacheka. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa mavuno. Ametwaa, akasema, lakini pia ametoa. Nikauma meno. Mume wangu akasema ataongeza eka. Ikafika zamu yangu, na binti yangu mdogo yuko kifuani ananyonya.

"Mwaka uliokwisha haukunipa kitu," nikasema. "Na mwaka huu sihamii shamba. Wala huyu hahamii."

"Mwanangu, leo si siku ya maneno hayo."

"Ndiyo siku yake, mama. Si mmeniuliza?"

"Na ndege ataamia nani?"

"Washibe tu. Safari hii wasile mtoto, wale mpunga."

Mama mkwe akafunika uso kwa upande wa kanga, na hapo nikajua naye analia, na sikumwonea huruma. Labda mwaka mwingine. Mume wangu akanawa mikono kama aliyemaliza, na hajatia hata tonge.

Juma lililofuata alifunga mizigo kwenye baiskeli: jembe, sufuria, chandarua. Nikaona ametia na kopo la maziwa lenye kokoto, alilomtengenezea mwanangu yule ili naye aamie. Nikalichomoa, nikalirudisha chini ya kitanda. Aliniona. Akaendelea kukaza kamba.

Alisimama mlangoni, mkono kwenye usukani, anamtazama mtoto mgongoni kwangu.

"Akichemka mwili," akasema, "usinisubiri."

"Sitakusubiri tena," nikamwambia.

Akaikokota baiskeli mpaka barabarani, hakuipanda. Nami nikaingia ndani kupika uji, maana wali wa shamba lile bado sijaweza kuutia mdomoni.