Kikaango cha Mwanawema

Wifi hamsifu wifi yake bure, hilo mnalijua. Basi mie Mgeni nikisema Mwanawema alikuwa fundi, jueni nimesalimu amri, maana nilimpinga miaka mitatu kabla ya kukubali.

Kaka yangu Jaribu alimwoa huko kijijini Kengeja akamleta kwetu Jadida, hapa Wete. Nilitaka aoe mjini. Yeye akatuletea mkaanga buni. Kila asubuhi ukitoka uani unamkuta mbele ya jiko, mwiko mkononi, anakaanga buni za wauza kahawa. Hazungumzi. Ukimsemesha anaitika "naam wifi", na macho hayatoki kwenye kikaango. Nikasema ana kiburi. Kumbe buni haitaki mazungumzo. Ukigeuka kumjibu mtu imeshaungua.

Jaribu alikuwa fundi wa rangi, na mwaka wa hamsini na nane alianguka na ngazi. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, kikaunga vibaya. Brashi akawa haishiki dakika tano. Watu wakaanza kuupita mlango wetu. Mwaka wa pili yake, wazee wa msikiti wa mtaani wakamwonea imani wakampa kazi: mbao kumi na mbili za madirisha, zipakwe kijani, ziwe zimerudi ukutani kabla ya Maulidi ya Mfunguo Sita. Mzee Ngwali, msimamizi wa msikiti, hakumficha.

"Jaribu, ukichelewa tutamleta fundi kutoka Unguja. Usituone wabaya."

Na fundi wa Unguja akishaingia, nani tena angemkumbuka kaka yangu na mkono wake mbovu? Kazi ile ikimponyoka, ndiyo mwisho wa ufundi nyumbani kwetu.

Kijani cha kawaida alikikataa, kwani jua lilikuwa likikila mpaka kinafanana na majani makavu. Mwenye duka mmoja akamwagizia unga mpya wa rangi ya kijani kupitia Tanga, unga usiopauka kwa jua wala mvua. Tukangoja wiki sita. Kopo likaja zimebaki siku kumi na nane. Jaribu akalibandua kifuniko, sote tumemzunguka, na ndani mlikuwa na unga wa zambarau.

Zambarau hasa, ile inayowatia watoto rangi ulimini. Mwenye duka akaapa kuwa ndicho alichoagiza, na kopo jingine ni wiki sita tena. Jaribu akalipeleka kwa Maalim Kificho, mwalimu wa skuli, amsomee karatasi iliyobandikwa ubavuni.

"Jina lake fosfeti ya kromiamu," Maalim akasema. "Usivute vumbi lake. Uoshe mikono kabla ya kula. Uiweke pakavu. Haiyeyuki kwenye maji."

"Na rangi yake, Maalim?"

"Rangi hawakuandika, fundi."

Jaribu alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi angalau nimelijua jina la aliyeniua."

Nyumbani Mwanawema akalichungulia kopo. Alichota unga kidogo kwa ncha ya kijiti, akautia kwenye bilauri ya maji. Ukazama chini wote, maji yakabaki meupe. "Hautoi rangi," akasema.

"Na utoe ya nini?" nikamwambia. "Unataka kufulia?"

Asubuhi yake alikaa kwenye buni zake kama kawaida. Kifuniko cha kopo, chenye vumbi la ule unga, kilikuwa chini, kimeegemea jiko. Alipomaliza akakiokota, akakitazama muda mrefu. Kisha akaniita, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Wifi, njoo uone."

Upande uliokuwa mbali na moto ulikuwa zambarau. Upande ulioegemea jiko ulikuwa kijani.

"Maji yametoka," akasema. "Kama karafuu. Mbichi ina rangi yake, kavu ina yake."

"Maji gani? Huo si unga mkavu?"

"Hata buni ni kavu, wifi, na ukiikaanga inatoa jasho."

Akatafuta kikaango cha zamani ambacho hakitapikiwa tena chakula. Akajifunga kanga puani na mdomoni, akawafukuza watoto uani, akakaa upande upepo unakotoka. Alitia nusu ya kopo. Zambarau ikafifia, ikawa kijivu, halafu taratibu kikaja kijani cha jani la mgomba. Jaribu alishika kichwa kwa furaha.

Hapo ndipo mie nikafungua mdomo wangu. "Kijani gani hicho kimepooza hivyo? Ongeza makaa, kikolee." Mie wifi yake mkubwa nimesema, angefanyaje? Akageuka kunijibu, akaongeza makaa. Kufumba na kufumbua, kikaangoni mna kitu cha rangi ya tope. Nusu ya kopo, imekwenda.

Hakunilaumu. Angenitukana ningepumua. Alimwaga lile tope shimoni akalifukia, akarudi akakaa. Jaribu akasema nusu iliyobaki ingetosha tu kama mbao zitatangulizwa mkono wa rangi nyeupe, na isipotee hata punje. Mie nikaburuta kigoda nikakaa kwenye mlango wa uani. Aliyekuja nilimrudisha. Hata kaka yangu alipotaka kusema neno nilimwonyesha kidole. Mwanawema akakaanga kwa moto mdogo, kijiko kwa kijiko, na kila kilipofika kijani aliipua papo hapo.

Mbao zilifunguliwa msikitini zikaletwa uani kwetu kwa rukwama. Jaribu alielekeza, "fuata uzi wa ubao," na mkewe akasaga unga kwa mafuta na kupaka. Nje hakuna aliyejua nani kashika brashi. Siku mbili kabla ya Maulidi madirisha yalikuwa ukutani, na usiku huo mvua ikanyesha kwa fujo.

Asubuhi tulikwenda sote. Ukuta mweupe chini ya madirisha haukuwa na hata mchirizi. Mzee Ngwali akapitisha kidole kwenye ubao, akakitazama, kisafi.

"Mashaallah, Jaribu. Kumbe mkono umepona."

Kaka yangu akajibu, "Alhamdulillahi." Mwanawema akatazama chini, akajitengeneza buibui. Nilikasirika, mie yule yule niliyemwita mkaanga buni. Nyumbani nikamwambia Jaribu usoni, "Sifa ulizokula leo si zako."

"Unataka waseme nafanyiwa kazi na mke?"

"Mwache, wifi," Mwanawema akasema kutoka jikoni, na sauti yake haikuwa na nguvu. Siku zile Jaribu hakuwa akimtazama machoni.

Maulidi yakapita. Mwezi wa Mfunguo Saba akaja mtu mzima kutoka Chake, kanzu imejaa vumbi la lori. Jaribu alikuwa amekaa barazani, mie nachambua mchele kando yake.

"Hodi. Msikiti wetu una madirisha ishirini. Hapa ndipo kwa fundi aliyepaka yale ya Jadida?"

Jaribu aliutazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua.

"Ndipo," akasema. "Karibu ukae. Lakini itabidi ungoje kidogo. Fundi yuko uani, ana kikaango motoni, na hasemeshwi mpaka aipue."