Kikohozi cha Mama Yuliana

Dastani alitunza kilomita nne za barabara ya Newala kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo yeye na mama mkwe wake hawakuonana uso kwa uso. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu hayatenganiki, ingawa jalada lake ofisini kwetu Mtwara lilikuwa na la kwanza tu.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa barabara wa mkoa. Yeye alikuwa mtu wa jembe, sururu na beleshi. Kilomita zake zilianzia juu, kwenye ukingo wa uwanda, zikateremka kuelekea Masasi. Mvua ikinyesha, maji yote ya juu hukimbilia mtaroni, na kwenye kona moja Dastani alikuwa amechimba mchepuo, mfereji wa kuyatoa maji hayo barabarani na kuyamwaga msituni yakapotelee kwenye majani. Wakubwa zangu walidhani mchepuo ule ni wa kuilinda barabara. Dastani alijua kwamba chini ya kona ipo chemchemi ambayo kijiji kizima kinaitegemea, na maji ya barabara yakiingia humo huingia na mchanga wake.

Kijiji chenyewe hakikuwa chake. Alizaliwa Chiungutwa, akamwoa Yuliana, akahamia kwa kina Yuliana, kwa kuwa kwa watu wale mume ndiye anayemfuata mke. Kiwanja ni cha ukoo wa mke, mikorosho ni ya ukoo wa mke, hata watoto ni wa ukoo wa mke. Kwenye vikao vya familia Dastani alikaa karibu na mlango, akajibu alipoulizwa.

Halafu kuna jambo la mkwe. Mwanamume haonani na mama wa mkewe. Si ugomvi, ni heshima. Sasa Mama Yuliana alishuka kisimani, kwenye chemchemi ile, kila asubuhi kwa barabara hiyohiyo ambayo mkwewe yuko juu yake na jembe. Basi akikaribia kona hukohoa mara mbili. Dastani huweka jembe chini, akaingia kichakani, akaupa mti uso mpaka nyayo zipite. Siku moja nilikuwapo, nikacheka. Nikamwuliza haoni haya, mtu mzima kujificha kama mwizi wa kuku?

"Bwana mkaguzi," akasema, "anayekukoholea anakutambua."

Yuliana alifariki kiangazi cha mwaka tisini na sita. Mwaka uliofuata nikampelekea mumewe barua ya kupunguzwa kazi.

Zama zilikuwa zimegeuka. Korosho zilinunuliwa na watu binafsi wenye malori mazito, na barabara yalizolima malori hayo zikapewa wakandarasi. Kikao cha mkoa kilichopitisha jambo hilo nilihudhuria, nimekaa mstari wa pili na soda yangu. Asubuhi ile tulijadili barabara, vyanzo vya maji na hifadhi ya mazingira. Juu ya vyanzo vya maji tulisema maneno mazuri mno. Kisha tukawaachisha kazi watu waliokuwa wakivitunza, tukaenda kula. Nilinyamaza, na bado naona aibu.

Greda la mkandarasi lilipita siku mbili. Barabara ikawa laini, na mchepuo ukafukiwa kwa tuta la udongo. Mvua za kwanza tu, mchanga ukashuka hadi kisimani, wanawake wakachota tope. Kisima kingine kiko mbali, kwenda na kurudi ni nusu ya siku, tena kwa njia nyingine kabisa. Kona ile ikawa haina mpitaji.

Lawama zikamwangukia Dastani. Si yeye ndiye mtu wa barabara? Tanga la msiba lilikwishaondolewa, nywele zilikwishanyolewa, na Gasper, kaka yake Yuliana, akamwita, akamwambia kwa upole kwamba dada yao hayupo na kazi haipo, kwa hiyo wanamruhusu arudi kwao. Ni maneno ya adabu, na hayana rufaa. Mwanamume aliyeruhusiwa si mkwe tena. Mama wa marehemu akikutana naye atampita kama anavyompita muuza chumvi.

Dastani aliomba wiki mbili. Akaufukua mchepuo peke yake, bila mshahara, kisha akashuka kisimani kuzoa mchanga kwa ndoo. Watu walimwona, wakamsalimu, wakapita. Jioni alisonga ugali, na mara nyingi mkono ulisahau, ukasonga wa watu wawili. Uliobaki akaula asubuhi, umepoa, amekaa peke yake mlangoni.

Nilimkuta kando ya barabara na furushi lake. Nikamwambia apande, nitamfikisha Chiungutwa. Garini aliniambia kuwa barua yangu haikumuuma sana. "Kinachoniuma ni kwamba sina wa kunikoholea," akasema. Nilitazama mbele nikaendesha.

Kwenye kona akaniomba nisimame autazame mchepuo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa yamepita pale alipotaka yapite. Tulikuwa tumesimama hapo wakati Mama Yuliana alipotokeza kutoka bondeni, ndoo kichwani.

Dastani hakujificha. Angejificha kama mkwe wa nani? Alisimama tu, mikono haijui iende wapi, macho ameyainamishia viatu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akapiga hatua mbili, akasimama. Akageuza uso upande wa msitu, taratibu, ili ndoo isimwagike. Akakohoa mara mbili.

Dastani aliruka mtaro kama kijana wa miaka ishirini, akatokomea kichakani. Nikasikia akilia huko, kilio cha mtu mzima anayejaribu kujizuia.

Mama Yuliana hakuangalia huko. Alizungumza na mimi.

"Mwambie mkwe wangu maji yametakata."

"Nitamwambia, mama. Lakini Gasper..."

"Gasper nimemzaa mimi," akasema, akaendelea kupanda.

Alipokwisha kupita nikakigeukia kichaka, nikatoa ujumbe neno kwa neno, ingawa mwenyewe alikuwa amekwisha kuusikia. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikalishusha furushi lake, nikaliweka pakavu kando ya mchepuo, nikashika njia ya Masasi peke yangu.