Sili Hutambaa, Simba-Bahari Hutembea

Baba alifundisha biolojia katika mtaa wetu wa Bagira, kwa watoto ambao maji makubwa waliyoyajua yalikuwa ziwa letu tu. Nami nilikuwa miongoni mwao. Somo alilolipenda kuliko yote lilihusu wanyama wawili ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwaona: sili na simba-bahari. Kwa Kifaransa chetu cha darasani, foku na otari.

"Sikio!" alipaza sauti, akivuta lake. "Otari iko na sikio ya inje. Foku iko na katundu tu."

Simba-bahari huogelea kwa mapezi ya mbele, kama ndege arukaye. Sili husukumwa na yale ya nyuma. Ila tofauti kubwa huonekana nchi kavu. Simba-bahari hukunja mapezi ya nyuma chini ya mwili, akatembea kwa yote manne. Ya sili hubaki yameelekea nyuma daima, kwa hiyo hujikokota kwa tumbo, akijikunja na kujinyoosha. Baba aliigiza simba-bahari kati ya madawati, kifua mbele. Kuigiza sili aliwaachia wachelewaji.

"Wewe, muvivu, kuya utuoneshe foku!"

Tulicheka hadi machozi.

Mwaka huu kiharusi kilimwangusha. Mguu wa kulia ukafa ganzi. Daktari alisema huenda ukarudi, huenda usirudi. Kila asubuhi nilimketisha ukingoni mwa kitanda, naye akajaribu kuukunja chini yake.

"Leo uko otari ao foku, papa?"

"Otari. Iko inachelewa tu."

Kisha shirika, yaani Wakatoliki wa mtaa wetu, wakatuma habari kwamba Jumapili baada ya misa watakuja kumwombea. Kwetu mgonjwa hupokea wageni sebuleni, tunapopaita saloni, amevaa, ameketi. Baba akakataa kubebwa.

"Banikute nimeikala. Na usinishike. Nitaenda mwenyewe."

Nilimvika shati jeupe, nikatoka nyuma kuepua chai. Ndipo nikasikia kishindo. Nilimkuta katikati ya saloni, amelala kifudifudi juu ya sementi, mikono ameitandaza. Mguu ulikuwa umemtupa. Alikuwa akijikokota kuelekea kiti. Kabla sijamfikia, mlango ukafunguliwa, watu wa shirika wakaingia na rozari zao.

Mwanamke aliyewaongoza, maman wa shirika, akasimama kizingitini. Aliona mzee mwenye shati jeupe, uso chini, mikono wazi, jinsi mapadri wanavyolala mbele ya altare Ijumaa Kuu.

"Eh, Yezu! Muzee ametutangulia kusali. Mupige magoti, bandugu!"

Wote wakapiga magoti kumzunguka. Wimbo ukaanza. Nikainama nimwinue, maman akanikamata kifundo cha mkono.

"Acha, mama. Usimukatize."

"Maman, ameanguka..."

Sauti yangu ikazama katika kiitikio. Baba akajikunja, akajinyoosha, akasogea upana wa kiganja. Mtu nyuma yangu akalia, "Angalia vile anajinyenyekeza!" wakazidisha kuimba. Nikamtazama baba. Akatikisa kichwa kidogo: niache. Akaweka shavu juu ya sementi, akatulia hivyo rozari nzima, huku mvua ikipiga mabati.

Walipoaga walimsifu kwa imani yake. Nilimrudisha kitandani nikisaidiwa na jirani.

Asubuhi nilikuja kama kawaida, nikaiteremsha miguu yake. Aliiacha ining'inie. Hakujaribu kuukunja ule mguu, wala mimi sikumuuliza swali letu.

"Hii kitanda," akasema, "uitoshe humu ndani. Uniwekee godoro chini."

"Na daktari, papa? Alisema tuendelee kujaribu."

"Daktari haiko yeye mwenye kuanguka."

Nilitandika godoro karibu na ukuta, nikakipeleka kitanda kwa jirani, nikaenda jikoni kuwasha makaa. Nilipokuwa nikipuliza moto nilisikia kitambaa cha nguo yake kikisuguana na sementi, kikatulia, kikaanza tena, kikielekea mlangoni. Sikwenda kutazama. Niliendelea kupuliza, moshi ukiniingia machoni.