Baiskeli Isiyoangusha Mtu

Raimundi wa Namswea alinunua baiskeli mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kugombania magunia milimani kwetu. Wenzake walinunua redio na mabati. Yeye alishuka Mbinga, akarudi na baiskeli nyeusi yenye kengele na keria pana, akiisukuma huku jasho linamtiririka. Hakuna aliyeshangaa, maana kwenye milima ya Umatengo kila mtu husukuma.

Ila Raimundi alisukuma hata mteremkoni. Akiulizwa, alisema breki zinalika bure. Kwenye tambarare alisema anataka kuongea na watu njiani. Miaka minne aliisukuma kwenda kanisani, mashineni na mnadani, na kila alipoiegemeza ukutani aliipangusa vumbi na kujigamba, "Baiskeli hii haijapata kuniangusha hata siku moja." Ilikuwa kweli tupu, kwani hakuwahi kuipanda. Aliogopa kuanguka, na zaidi aliogopa kuonekana ameanguka.

Mkewe Ephrasia, mzaliwa wa Kitai, alikuwa mwepesi wa kila jambo. Kwa hili la baiskeli alinyamaza.

Ikafika Jumapili ambayo binti yao wa pekee, Lusia, alikuwa afunge nadhiri za utawa, Mbinga mjini, misa saa nne. Saa mbili na nusu habari ikaja kwamba pikapu waliyoahidiwa imekwama matopeni. Kwa miguu wangekuta watu wanakula wali. Raimundi alijisikia vibaya sana. Siku ile isingerudi tena.

"Mzee, si una baiskeli?" akasema jirani yake, Florian. "Mpakie mama mwende."

Watu wote waliokuwa uwanjani wakisubiri pikapu wakamtazama. Raimundi akaisukuma hadi kwenye kona, Ephrasia akimfuata, migomba ikawaficha, akasimama.

"Mama Lusia," alisema akiitazama kengele, "mimi sijui kuendesha."

"Najua," Ephrasia akajibu. Akampa mkoba, akapandisha gauni, akakaza kitenge kiunoni na kushika usukani. "Kitai nilikuwa nampelekea baba chakula shambani kwa baiskeli. Panda nyuma, Baba Lusia."

"Miaka yote minne hukusema?"

"Hukuuliza. Na baiskeli ni yako."

Raimundi alifumba macho, akamkumbatia mkewe kiunoni na kusali Salamu Maria bila kupumzika. Kwenye miinuko walishuka baiskelini wakaisukuma pamoja, miteremkoni walipaa. Kwenye mteremko wa tatu gurudumu likagonga jiwe, wote wawili wakaingia matopeni, mbele ya watu waliokuwa wakitoka misa ya kwanza. Raimundi alilala pale akisubiri aibu imuue. Haikumuua. Ephrasia alikuwa anacheka huku ananyoosha usukani. Mzee akainuka, akapanda keria mwenyewe bila kuambiwa.

Waliingia kanisani kwaya ikimalizia wimbo wa mwanzo. Lusia aligeuka, akamwona baba yake mlangoni, matope hadi masikioni, akauma mdomo asicheke mbele ya Askofu. Wakati wa nadhiri ulipofika, akapiga magoti na kuzitamka kwa sauti isiyotetemeka. Raimundi alilia waziwazi, kwa furaha.

Misa ilipokwisha, katekista akamsogelea kwa huruma. "Shikamoo, mzee. Pole. Umepatwa na nini?"

Raimundi akalinyoosha koti lake la matope, akapaza sauti hata walio mbali wasikie.

"Marahaba. Nimeanguka na baiskeli yangu."